Gundi

Novemba, Likombe. Saa nne asubuhi
bati la gari limeshakuwa kikaango.
Ukimwaga maji yanaguna kidogo, yanatoweka,
yanaacha madoa meupe kama mba.
Ndiyo maana wateja wa mchana nawaambia: isukume kivulini,
ipoe kwanza, kunywa togwa, kaa.
Gari la moto halioshwi, linapikwa.
Hilo sikufundishwa. Nililipia,
rangi ya boneti ya mtu, miezi mitatu.

Mimi Somoe. Wakiniita Mama Povu naitika.
Nina ndoo mbili, ya bodi na ya matairi,
na asiyejua tofauti yake hagusi kitambaa changu.
Naanzia kwenye paa, nashuka na uchafu
kama unavyomwogesha mtoto, kichwa kwanza.
Umeme ukikatika mashine ya presha inanyamaza,
na gesi yetu inapita chini kwa chini kwenda kuwasha kwingine;
basi tunarudi kwenye kopo.

Gari la Fakihi Nandonde nililijua kuliko alivyolijua yeye.
Noah ya rangi ya fedha, aliinunua mwaka ule wa mnada mzuri,
akawa anashuka nayo kutoka Kitangari kila Ijumaa
ikiwa nyekundu hadi kwenye kope.
Alitaka kila kitu: injini, mazulia, mpaka tundu la ufunguo.
Chini ya viti niliokota maganda ya korosho,
stakabadhi za chama, kiatu kimoja cha mtoto,
na bangili ambayo sikuuliza ni ya nani.
Kwenye kioo cha nyuma alibandika herufi nyeupe, kubwa:
KOROSHO HAIDANGANYI.
Alisimama mbali, mikono kiunoni, akazisoma kwa sauti
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Msimu wa pili alikuja mara moja kwa mwezi.
Msimu wa tatu mvua ilinyeshea maua,
bei ikashuka ngazi bila kushika ukuta,
naye akaja jua la saa saba, hakutaka kungoja kivuli.
"Ioshe, Somoe. Ioshe kama ya harusi.
Mnunuzi yuko njiani anatoka Lindi.
Na hayo maandishi, yatoe."

Nilichukua wembe na mafuta ya taa.
K ilitoka kwa heshima. O ikafuata.
Neno la kwanza lilipoisha
kitambaa kilikuwa kimekauka mkononi,
kioo kinaunguza kucha,
gundi imekuwa asali, halafu jiwe.
La pili nililikwangua nusu nusu.
Likapotea machoni. Nikasema, imetoka.
Fakihi akapitisha kiganja, akasema, imetoka.
Sote wawili tulikuwa na haraka.
Alinipa elfu kumi, hakungoja chenji,
akaondoka kwa bodaboda, zulia moja la gari
kalikunja kwapani. Hilo halikuwa kwenye bei.

Juzi ile Noah imerudi, anaiendesha kijana
asiyenijua. Imetoka Nanyamba, vumbi tupu.
Nikazunguka nyuma na ndoo yangu.
Pale gundi ilipobaki vumbi limeng'ang'ania,
jekundu, nene, herufi kwa herufi:
HAIDANGANYI.
Peke yake. Bila korosho, bila mtu.

Kijana akacheka: "Nani kaniandikia?"
Jua lilikuwa utosini. Tone moja lilidondoka
kutoka kwenye kitambaa changu hadi kwenye bati,
likaguna, likaisha.
"Isogeze kivulini kwanza," nikamwambia.
Tukakaa. Tukangoja ipoe.